Kibali cha Kupe

Mtaalamu wa kupe wa ofisi ya mifugo hapa Garissa ana vidole virefu vyembamba, na hampi mtu mkono kabla hajapangusa lenzi yake. Kila kupe humwambia "samahani" kabla ya kumtia chupani. Sisi watu hajatuambia hata siku moja, nimemchunguza. Juzi askari walimkamata ngamia wa Shangazi Sirad wakidai mashifta, wale waasi wa porini, wananyweshwa maziwa ya ngamia huyo. Walipotaka kumpiga ngamia risasi, mtaalamu alichomoka chini ya tumbo lake.

"Ngojeni! Kupe huyu hayumo kitabuni!"

"Ni shilin tu, Daktari," shangazi akasema, akimwita kupe kwa Kisomali. "Wallahi, tunamjua tangu utoto."

"Mama, tafadhali, bado hajapewa jina."

Akaandika barua papo hapo, akaigonga muhuri wake wa mfukoni: kupe huyu ni mali ya sayansi, asisumbuliwe, wala ngamia anayemkalia. Askari mmoja akaisoma mara mbili, akapiga saluti. Kisha akamgeukia shangazi.

"Na wewe, kibali chako kiko wapi?"

Shangazi akamtazama mtaalamu. Mtaalamu alikuwa ameshainama tena, anamwomba samahani kupe wa pili.