Grupu la Msiba Wangu

Jumapili moja mwezi wa tano niliwasha simu nikakuta nimefariki.

Sitanii. Nilikuwa nimeingizwa kwenye grupu la WhatsApp linaitwa MSIBA WA DADA EUPHRASIA. Picha ya grupu ni mimi, nimekatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya watu, bega la bibi harusi bado linaonekana pembeni.

Euphrasia ndiye mimi. Kaa vizuri nikupe mkasa wenyewe.

Naishi Silver Spring, Maryland, hapa jirani na Washington. Nabeba boksi kama wenzangu, ndivyo tunavyoita vibarua vya huku, natunza wazee katika nyumba moja kule Rockville. Kwenda na kurudi ni treni ya Red Line, inazunguka mji mzima ndiyo inifikishe. Na kwenye treni ni simu.

Magrupu niliyokuwa nayo yalizidi nguo za kabatini. La kanisa, la jumuiya ya Watanzania, la niliosoma nao sekondari, la ukoo. Lilikuwepo hata la kamati ya harusi ambayo ndoa yake ilishavunjika. Bwana yuko Texas, bibi karudi Dar, grupu lipo, na kila siku watu wanatakiana asubuhi njema.

Hapo bado video.

Kuna mzungu mmoja simjui, hanijui, kazi yake ni kuosha mazulia machafu na kujirekodi. Maji meusi yanatoka, anakwangua, maji meusi yanatoka tena. Nimemtazama yule bwana kuliko nilivyomtazama mtu yeyote tangu nifike Marekani.

Siku ya kwanza nilipopitiliza kituo changu hadi Glenmont, mwisho wa reli, nilicheka. Siku nyingine nikapitiliza tena. Mara ya tatu nilikaa kwenye benchi pale Glenmont nikalia. Na huku nalia, kidole kinaendelea kupandisha video.

Usingizi nilikuwa siupati. Nikifumba macho naona zulia.

Sasa, mama yangu yuko Mbinga. Ana kitochi, kimefungwa kwa mpira wa manati ili betri isidondoke. Simu ya mama ilikuwa na kazi mbili, kuongea na kumulika. Ana presha, na daktari amekataza kabisa habari za kumshtua.

Kila Jumapili nampigia. Huwa ananieleza habari za maharage, za kahawa, za nani kazaa na nani kahama. Dunia nzima, yeye peke yake ndiye alikuwa ananipa habari moja moja kwa mwendo wa kibinadamu.

Jumapili iliyotangulia huu mkasa, mama alikuwa anaongea, mimi nimeweka spika, kidole kiko kwenye mazulia. Naitikia tu. Eeh mama. Eeh.

Mara akaniita.

"Euphrasia, nimekuuliza nini?"

Nikaanza kubabaisha kuhusu mtandao.

"Basi mwanangu," akasema. "Tutaongea siku ukiwa na nafasi."

Akakata. Mama yangu hajawahi kunikatia simu. Niliumia sana, na wiki nzima ile sikupata ujasiri wa kumpigia. Nikajiambia Jumapili nitampigia nikiwa na masikio yangu yote, na kabla ya hapo nitajisafisha kichwa.

Kazini nikamweleza Jepkosgei, Mkenya ninayefanya naye shifti. Akaniambia, "Wewe toka kwa hizo groups zote, uzime simu, ulale. Hakuna mtu atakufa."

Kumbe.

Ikaangukia kwamba Cheryl, mama mmoja tunayemtunzia baba yake, alikuwa anasafiri wikendi hiyo na alitaka mtu wa kukaa na paka wake Takoma Park. Nyumba ina bustani, ina vitabu, haina televisheni. Nikaona hii ndiyo dawa.

Ijumaa jioni nikatoka kwenye magrupu yote. Moja baada ya jingine, toka, toka, toka, kama naiba. Nikazima simu, nikaifukia kwenye ndoo ya mchele jikoni kwangu ili nisishawishike kuibeba, nikaenda kwa paka.

Nililala, ndugu zangu. Nililala Ijumaa, nikaamka Jumamosi, nikala, nikalala tena. Nikasikia ndege. Nikamkuna paka mpaka akanichoka. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha tulivu namna ile tangu utoto.

Huku nyuma mambo yalikuwa yanaiva.

Kama wewe si mtu wa diaspora nikueleze kitu. Sisi mtu hatoki kwenye grupu. Unaweza kunyamaza, unaweza kuzima mlio, unaweza ukakaa miaka hujafungua, lakini kutoka hutoki. Kutoka ni kama kuondoka kwenye sherehe bila kuaga huku umebeba sahani. Sasa mtu katoka kwenye yote, jioni moja, na simu haipatikani.

Katibu wa jumuiya yetu ni Boniface. Mtu mwema, mtu wa watu, ila kiherehere. Jumamosi asubuhi akaja kwenye jengo langu. Akagonga, kimya. Akamuuliza mlinzi wa mlangoni, naye akamwambia ndiyo, jana usiku ambulance ilimchukua mama mmoja Mwafrika, na hajarudi.

Yule alikuwa dada wa Kameruni wa ghorofa ya nne. Alikwenda kujifungua.

Boniface hakusema nimekufa, tumtendee haki. Aliandika kwenye grupu la jumuiya kwamba dada yetu Euphrasia amechukuliwa na ambulance, hali yake haijulikani, tumwombee.

Mtu wa kwanza akaweka mikono ya kuomba. Wa pili akaweka mshumaa. Wa tatu, ambaye bila shaka hakusoma, akaona mshumaa akaandika "Poleni sana wafiwa." Baada ya hapo hakuna aliyerudi juu kusoma. Wote walikuwa na magrupu mengine ya kuwahi, kama mimi tu nilivyokuwa.

Na kwetu huku mtu akifa, jambo la kwanza ni grupu. Linafunguliwa mwili haujapoa, kwa sababu kusafirisha marehemu hadi nyumbani ni shughuli pevu. Boniface akachukua orodha nzima ya namba za wanajumuiya, akaingiza wote kwa mkupuo. Namba yangu ilikuwemo.

Jumapili asubuhi nikarudi Silver Spring, mwepesi, nimeshiba usingizi. Nikaichimbua simu kwenye mchele, nikaiwasha nimpigie mama.

Ndipo nikakutana na msiba wangu.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma hadi leo. Mtu mwenye akili zake angefanya nini? Angempigia mama yake kwanza. Na mimi niliwaza hivyo hivyo. Nikasema ngoja nisome kidogo tu nijue kumetokea nini.

Nikaanza juu kabisa.

Jamani, nilisifiwa. Watu ambao hawajawahi kunisalimu waliandika kwamba nilikuwa nguzo. Mmoja alituma sauti analia hadi anakwama, huyo tulikosana kwenye kamati ya Uhuru Day na hatujasemeshana tena. Kuna waliojadili kwaya. Kuna waliobishana kuhusu pilau, ikawa vita kabisa. Boniface akaonya tusiweke mambo yasiyohusu msiba, na chini yake papo hapo dada mmoja akatangaza sambusa zake, za nyama na za dengu, analeta hadi mlangoni.

Jepkosgei naye alikuwemo, sijui nani alimwingiza. Aliandika, "Kwani alikufa lini? Thursday tulikuwa na yeye shift, alikuwa fiti." Hakuna aliyemjibu.

Nilisoma nikiwa nimesimama, kiatu kimoja mguuni. Nilikuwa najua kabisa natakiwa kuacha. Kidole hakikunisikia. Nilipitiliza kituo changu nikiwa jikoni kwangu.

Nikafika chini. Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa Boniface.

"Kaka wa marehemu, Silvanus, tumempata Mbinga. Amepokea kwa ujasiri. Anaelekea kwa mama sasa hivi kumpa taarifa."

Nikaangalia saa ya ujumbe. Ulitumwa wakati mimi nasoma habari za sambusa.

Nikakaa chini sakafuni.

Nikapiga kitochi cha mama. Kinaita, hakipokelewi. Nikampigia Silvanus, simu yake inatumika, na iliendelea kutumika, kwa sababu ulimwengu mzima ulikuwa unampa pole.

Nikaandika kwenye grupu: Jamani mimi ni Euphrasia, ni mzima, mzuieni Silvanus.

Mtu akajibu kwamba huyu aliyeshika simu ya marehemu hana utu. Mwingine akasema ni matapeli, wanavizia michango. Boniface, ambaye hana mchezo kwenye mambo ya nidhamu, akaniondoa.

Nimefukuzwa kwenye msiba wangu.

Nikampigia Boniface. Hapokei. Baadaye alikuja kuniambia aliona jina langu kwenye kioo akaitupa simu kwenye sofa akaanza kusali Rozari. Nikampigia Jepkosgei.

"Sema kitu tulikula Thursday," akaniambia, sauti imekauka.

"Chapati zako. Zilikuwa ngumu."

Akaanza kulia na kunitukana kwa pamoja. Yeye ndiye aliyewaandikia wale watu mpaka wakamwelewa. Lakini Mbinga habari ilishafika. Kuanzia hapo mimi nilibaki kupiga tu, kitochi cha mama, Silvanus, kitochi cha mama, nikiwa sakafuni, na hakuna kitu kingine duniani ningeweza kufanya.

Mwishowe kitochi kikapokelewa. Sauti ya kwanza niliyosikia ni wanawake wanaimba nyimbo za maombolezo. Nyimbo zetu za nyumbani, zinaimbiwa mimi.

Mtu akapiga ukelele, simu ikaanguka, ikaokotwa. Nikasikia wanasema mpeni, mpeni mwenyewe.

"Nani?" mama akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyelazwa.

"Ni mimi, mama."

Nyimbo zikakoma moja moja.

"Umekula?" akasema.

Nililia tu, naye akaniacha nilie. Kisha nikamwomba msamaha kwa ile Jumapili, nikamuuliza, mama, siku ile uliniuliza nini?

"Nilikuuliza kama unapata usingizi huko," akasema. "Ukasema eeh. Nikakuuliza unafumba macho saa ngapi. Ukasema eeh."

Siku hiyo ya msiba presha yake ilipanda, wakampeleka hospitali ya misheni. Namshukuru Mungu alitoka. Ila mkono wa kushoto una uzito hadi sasa, na daktari hasemi kama utarudi.

Ungedhani mkasa umeishia hapo. Bado.

Michango ilishachangwa, na kuirudisha kwa kila mtu ikawa kasheshe. Jumuiya ikakaa, ikaamua kwa kauli moja mama anunuliwe simu ya kisasa, kioo kikubwa, ili asidanganywe tena na mtu yeyote. Boniface mwenyewe ndiye aliyelitetea wazo, kwa uchungu wa aliyekosea. Nilikataa. Wakaniambia dada, huoni mama yako anavyoteseka?

Lile grupu nalo halikufutwa. Lilibadilishwa jina, sasa linaitwa SHUKRANI, EUPHRASIA YU HAI. Nimerudishwa na nimepewa uongozi. Sambusa zinatangazwa kama kawaida. Siwezi kutoka. Nikitoka, mnajua watakachosema.

Silvanus alimfundisha mama kitu kimoja tu kwenye ile simu, kuangalia kama niko hewani. Mama akiamka anaangalia. Akitoka shambani anaangalia. Akiona sipo hewani kwa muda, anaanza kutetemeka, wanampima presha, Silvanus ananipigia. Kwa hiyo simu yangu haizimwi tena, hata nikilala. Nikiizima namuua mama yangu. Hivyo ndivyo nilivyopumzika.

Jumapili iliyopita nikampigia. Nilikuwa nimejiandaa, nimekaa kwenye kiti, nimezima kila kitu kingine. Nikamweleza kwamba tangu ule mkasa nimechoka, mama, kwamba siku hizi nalala vipande vipande, kwamba naogopa.

"Eeh," akasema mama.

Nikaendelea. Nikamwambia natamani kurudi nyumbani hata mwezi mmoja.

"Eeh."

Nikatega sikio. Kwa nyuma, kule Mbinga, nikasikia maji. Maji yanamwagika, halafu kitu kinakwangua, halafu maji tena.

"Mama," nikasema, "nimekuambia nini?"

"Ngoja kidogo mwanangu," akasema. "Huyu mzungu anaosha zulia, hebu nione mwisho wake."

Sikukata. Nilikaa pale na simu sikioni, tukasubiri zulia litakate.

Fundisho langu kwa wasomaji ni fupi kwa sababu na mimi sina suluhisho. Kama una mtu mmoja duniani ambaye bado anatumia kitochi, mpigie leo, na msikilize. Usimbadilishie simu. Na wewe uliyesoma hii kwenye treni hadi hapa, inua macho uangalie kituo chako. Glenmont pana baridi.