Mama Alichagua Shule Akiwa Kisimani

Majuzi binti yangu anayeishi Kilosa alinichukua kwenye gari lake tukazungukie shule za msingi, maana mjukuu wangu amefikia umri wa kuanza darasa la kwanza. Alikuwa na matokeo ya mitihani ya kila shule kwenye simu, naye alinisomea njia nzima. Tulipokaribia Kimamba harufu ya korona ikaingia dirishani, nami nikaacha kumsikiliza. Kama hujawahi kuishi kwenye mkonge, nikueleze: korona ni mitambo inayosaga majani ya mkonge na kubakiza nyuzi, na makapi yake yakilala juani hutoa uchachu unaokwaruza koo. Wageni huziba pua. Mimi nilivuta pumzi ndefu mpaka binti yangu akaniuliza kama naumwa.

Nilizaliwa ndani ya harufu hiyo, enzi za Mwingereza, kwenye kambi ya wakata mkonge upande ule wa Kilosa. Baba alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kwa mkataba, akamkuta Mama, Mkaguru, akasahau njia ya kurudi kwao. Ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe, na Mama akisikia aliguna tu na kuendelea na kazi yake.

Nilipofikia umri wa kusoma palikuwa na shule mbili za kuchagua. Moja ilikuwa ya shamba, hatua chache tu kutoka kambini. Ilikuwa na paa la bati, madirisha ya vioo, na kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya, ambacho kikigongwa kilisikika mpaka korona. Ya pili ilikuwa njia ya Chanzuru, nasi tuliiita shule ya jumbe, yaani ya mkuu wa kijiji. Kuta zake zilikuwa za udongo, paa la nyasi, na madirisha yalikuwa matundu matupu. Kwa mtu mwenye macho hapakuwa na la kuuliza. Baba alikuwa na macho. Mimi pia nilikuwa nayo, na zaidi ya hapo rafiki yangu Asha, jirani yetu, alikwisha kuandikishwa shule ya bati, akanionyesha gauni lake la kijani mpaka nikakosa hamu ya kula.

Mama hakujua kusoma hata jina lake. Kwa hiyo aliposema, "Subiri kwanza, Baba Tatu, nikaziangalie hizo shule," Baba alicheka mpaka akakohoa.

"Utaangalia nini, Mama Tatu? Utamsahihisha mwalimu hesabu?"

Mama alikuwa mtu wa kukuachia ucheke, umalize, ujifute machozi, kisha afanye lile alilokusudia.

Kesho yake asubuhi alifunga furushi la nguo, akanishika mkono, tukaenda kisimani nyuma ya shule ya bati. Nilidhani tungeingia darasani. Wapi! Alitandika nguo zake kwenye jiwe akaanza kufua, huku wavulana wakisikika ndani wakiimba hesabu za kuzidisha. Shuka la Baba lilifuliwa, likasuuzwa, likafuliwa tena. Sidhani kama liliwahi kuwa jeupe vile tena maishani mwake. Jua lilikuwa limeanza kuchoma utosi wangu alipotokea msichana mwenye gauni la kijani, debe kichwani. Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujaingia darasani leo?"

"Niliingia, mama. Tumetumwa maji. Mke wa mwalimu anafua."

"Na jana je?"

"Jana tulimwagilia bustani."

"Na wenzenu wa kiume?"

Msichana alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini jogoo hatagi. "Wanasoma, mama."

Mama akamsaidia kujitwika, akamwekea sawa kata ya majani ya mgomba chini ya debe, akakamua shuka. Tukarudi nyumbani.

Siku iliyofuata tulikwenda njia ya Chanzuru, furushi lilelile. Shule ya jumbe ilichota maji kijitoni, na pale tulikuta wanawake kadhaa wakifua. Mara wakaangua vicheko. Wavulana walikuwa wakiteremka mtelemko na madebe, nao hawakuyabeba mabegani kwa mti kama wanaume. Walikuja na kata mikononi, wakajitwika kichwani, shingo zimekakamaa, maji yakiwatiririka mpaka ndani ya kaptula. Kwetu mvulana aliweza kuchanja kuni na kuchunga mbuzi, lakini akionekana na kata kichwani angepewa jina la utani ambalo lingemfuata mpaka siku ya ndoa.

"Nyie, mmefanya kosa gani?" Mama aliuliza.

"Hatujafanya kosa, mama," mmoja alijibu kwa uchungu. "Leo zamu yetu. Wasichana walichota jana."

"Sasa hivi wako wapi?"

"Wanasoma."

Mama hakumaliza kufua. Alizikusanya nguo zikiwa na povu, akazitupa kwenye furushi, akaanza kupanda mlima kurudi kambini kwa haraka hata nikalazimika kukimbia.

Jioni ile kambi nzima ilisikia sauti ya Baba. "Shule gani hiyo ya kubebesha wanaume maji kichwani? Mwalimu huyo anawaharibu watoto wa watu!" Mimi nililia kwa nguvu zangu zote, nikililia kengele ya reli, nikililia gauni la kijani, nikiwa na hakika kwamba Mama ananichukia. Mama alikoroga ugali mpaka sote wawili tukapungua sauti.

"Mimi sikuombi ukubali," alimwambia Baba. "Nakuomba ukaone."

Wakata mkonge walianza kazi alfajiri, na mwenye mkono mwepesi alimaliza mapema. Baba alikuwa na mkono mwepesi. Zamu ya wavulana ilipofika tena alikuja nasi, panga kwapani, tayari kucheka. Na kweli alipokutana na wale wavulana alicheka. Kisha tukafika chini ya matundu ya darasa, na kicheko kikamkatikia njiani. Ndani msichana mmoja alikuwa akisoma kwa sauti, peke yake, bila kuongozwa. Hakuwa mkubwa kuliko mimi.

Mwalimu, kijana mwembamba, alitoka nje. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Huyo anayesoma ni mtoto wa nani?"

Mwalimu akaitazama mikono ya Baba, iliyochanwachanwa na miiba. "Wa mkata mkonge, mzee. Kama wewe."

Baba alisimama pale mpaka yule mtoto akafika mwisho wa habari yake. "Basi, mwandike na wa kwangu," alisema. "Ila mumewe wa baadaye akija kunilalamikia, nitamleta kwako."

Hivyo nikasoma chini ya nyasi zilizovuja. Kabla ya mavuno nilikuwa namsomea Baba maandishi ya kwenye magunia, naye akiyarudia kwa majirani kana kwamba ni habari za kutoka Ulaya. Asha alikuwa na akili kunishinda. Kwenye michezo yetu yote yeye ndiye aliyeshinda. Aliacha shule bila kujua kusoma, kambi ikasema masomo hayakuwa bahati yake. Bado inaniuma.

Nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu mwenyewe siku nilipomuuliza Mama, tukichambua maharage uani, alijuaje mambo ya shule naye hakupata kusoma.

Akaacha kuchambua. "Nani kakwambia sikusoma? Nilikwenda shule miaka miwili, mwanangu, na sikukosa hata siku moja." Akarudisha macho kwenye ungo. "Nikifumba macho nakiona kile kisima, kila jiwe lake. Ubao sikumbuki ulikuwa upande gani."

Miaka yote ile nilikuwa nikidhani alikwenda kisimani kwa kuwa hakujua shule. Katika nyumba yetu, ni yeye peke yake aliyekuwa akiijua.