Sabufa Niliyoifungia Kwenye Buti

Mwenye kucheka na acheke sasa amalize, maana nikifika katikati ya habari hii sitaki kelele, aibu ilinitosha siku ile pale Nabuyonga mbele ya wakwe, na hata leo nikipita Mbale nafunika uso kwa kitambaa ingawa wengi walioniona wameshakufa (na wasiokufa, najua, bado wananisema).

Mimi siamini mafundi. Marehemu mume wangu alikuwa askari magereza hapa Jinja, akaniachia Pijo nyeupe, na gari hiyo kila ikienda gereji inarudi na kasoro, mara imerudi na betri ya mtu mwingine, mara imerudi bila jeki, na siku moja ikarudi na kiti cha mbele ambacho si chetu, fundi akaniapia kwa Mungu kwamba kiti ni kilekile, ni uzee unanisahaulisha. Kiti! Mtu anasahau kiti alichokalia miaka yote? Kwa hiyo mjukuu wangu Simoni aliporudi kutoka Nairobi na sabufa, lile spika kubwa la besi ndani ya sanduku jeusi, akaniambia, "Tata" (ndivyo sisi Wateso tunavyomwita bibi), "tumpelekee fundi alifunge kwenye buti," nikamjibu hapana, fundi atabaki na zuri atufungie bovu. Nitafunga mwenyewe.

Na kulikuwa na sababu ya kulitaka. Simoni alikuwa anataka kumwoa Nambozo, binti wa Mzee Mafabi wa Nabuyonga kule Mbale, na siku ya kwenda kujitambulisha ilishapangwa. Lakini kwao walikuwa na wasiwasi na sisi. Walisema hao ni watu wa kambi ya magereza, wanaongea Kiswahili mpaka jikoni, na ninyi mnajua hapa kwetu Uganda wengi wakisikia Kiswahili, lugha ya askari, wanasikia bunduki. Aliyekataa zaidi ni bibi wa msichana, mama mzazi wa Mafabi, wote walimwita Kukhu, ndiyo bibi kwa lugha yao, na pale nyumbani hakuna ndiyo bila ndiyo ya Kukhu. Simoni alinieleza kwamba mume wa Kukhu alichukuliwa na askari miaka ile ya utawala wa jeshi, hakurudi. Alichukuliwa vipi hakusema, na mimi sikuuliza.

Nikawaza, tutafika na wimbo. Kwaya yetu ya akina mama ilikuwa imerekodi kaseti, sauti yangu mwenyewe imo, na nikaona tukiingia Nabuyonga nyimbo za Mungu zinavuma kwenye gari, huyo Kukhu atajua sisi ni watu wa kanisa.

Basi Simoni alipokwenda Masese kutafuta samaki wa zawadi, mimi nikaingia ndani ya gari na bisibisi na kisu changu cha kupasulia samaki. Waya za kununua sikununua, maana yule wa duka anapima kwa mkono wake, na mkono wake ni mfupi. Nikakata waya za spika ndogo za milangoni, nikazivuta chini ya kapeti mpaka nyuma, nikaziunga kwenye sabufa, kwa sababu nilifikiri spika kubwa namna hii si itaimba kushinda zile ndogo? Kumbe sabufa haiimbi. Sabufa inajua kugonga tu, maneno na sauti za watu ni kazi ya zile ndogo, na zile ndogo nilishaziua. (Yule wa duka aliniona naondoka na mikono mitupu, alijua, akanyamaza. Mpaka leo namshuku.) Umeme nikautoa kwenye betri moja kwa moja bila swichi, maana swichi nayo anauza mtu yuleyule. Nilipojaribu ikagonga ndu, ndu, ndu, nikasema kaseti bado imelala, itachangamka njiani.

Sasa ikabaki vumbi na wezi. Kwa vumbi, nililizungushia sanduku blanketi la kijivu la magereza nikalikaza kwa kamba. Kwa wezi, nilitia komeo nje ya buti na kufuli la marehemu, kubwa, la kazini kwake, na ufunguo nikauacha nyumbani ndani ya debe la unga wa mtama, kwa sababu njia ya Mbale wakati ule ilikuwa na makondo, wale majambazi wa bunduki, na kondo akikukamata huna ufunguo atafungua nini? (Simoni aliniambia baadaye kwamba kondo angeanza kufungua kichwa changu. Kijana hana adabu.)

Tukaondoka asubuhi, yeye anaendesha, mimi nimevaa gomesi mpya, lile gauni letu la sherehe, samaki na kuku kwenye kiti cha nyuma.

"Tata, mbona hakuna sauti? Nasikia kugonga tu."

"Endesha gari."

Tulipopita Iganga barabara ikawa mashimo, na ndani ya buti waya fulani niliyoibana vibaya ikaanza kugusa chuma. Simoni akazima redio. Kugonga hakukuzimika. Ndu. Kimya. Ndu, ndu. Halafu na kitu kama mlio, mmmmmm, wa chinichini, kama mtu anataka kusema na mdomo umezibwa. Simoni akasimamisha gari kando, akazunguka nyuma, akaona kufuli.

"Ufunguo, Tata."

"Uko kwenye unga."

Akasema basi angalau afungue boneti aitoe waya kwenye betri. Nikamkataza. Nilisema asiguse kazi yangu, tumechelewa, na wakwe wakiona mikono yake ina grisi watasema hana heshima. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, kwa mdomo wangu.

Tulifika Nabuyonga mchana. Turubai limefungwa, viti vimepangwa, wazee wamevaa makoti, akina mama wamesimama wapige vigelegele. Pijo nyeupe ikaingia. Vigelegele vikaanza, vikakatika. Simoni alipozima injini ikawa mbaya zaidi, maana sasa hakuna cha kuifunika. Ndu. Mmmmmm. Ndu, ndu, ndu.

Mwanamke mmoja akasema, "Banange, iko mtu ndani ya hiyo gari."

Mimi nikashuka. Ningeshuka polepole nicheke, yangeisha. Lakini niliona vijana wanaisogelea gari yangu, na mimi kijana akisogelea gari yangu mkono wangu unawasha, nikapaza sauti ileile ya kambini niliyolelea watoto: "Rudi nyuma! Hakuna kugusa! Kila mtu akae chini!"

Watu wakakaa chini, wallahi. Wazee wenye makoti wakakaa chini kwenye nyasi. Mzee Mafabi alibaki amesimama, ametoa jasho, akasema taratibu, "Mama, fungua buti."

"Ufunguo sina, bwana. Niliuacha Jinja."

Kukhu akainuka. Alikuwa mdogo, mkavu, na fimbo. Akaja moja kwa moja, watu wakampisha, akasema kwa Kiswahili ambacho wote walidhani hakijui, "Hivi hivi walisema. Ufunguo hakuna. Mume yangu alikuwa anagonga ndani ya buti, mimi nimesimama karibu kama hivi, na wao wanasema ufunguo hakuna."

Jamani, nilitamani ardhi inimeze na gomesi yangu. Simoni alikimbilia boneti aitoe waya, vijana wakamkamata mikono. "Usiguse! Unataka kumwua aliyemo?" Nambozo mlangoni analia. Mmoja akaleta nyundo, mwingine mawe (ya nini mawe, kama si ya kichwa changu?), wakapiga kufuli la marehemu mpaka likavunjika, wakainua buti.

Na ndani kuna nini? Blanketi la kijivu la jela, limekazwa kwa kamba, linatetemeka.

Hakuna aliyegusa. Kukhu mwenyewe ndiye aliyeinama, akaweka kiganja juu ya blanketi, na lilikuwa na joto, linapiga chini ya mkono wake kama kifua. Akafungua fundo moja, halafu la pili, kwa vidole, hakutaka kisu. Blanketi likaanguka. Sanduku jeusi. Ndu.

Akaligusa kwa fimbo. "Ni nini?"

"Ni spika, mama," nikasema. Sauti ya kambini ilishaniishia. "Ni ya wimbo. Tulitaka kuja na wimbo wa kanisa."

"Na wimbo uko wapi?"

"Haukutoka."

"Bwana yako alifanya kazi gani?"

"Alikuwa anashika funguo za jela."

Akatikisa kichwa. "Na wewe umerithi. Hata wimbo unaufungia kwenye buti."

Mtu mmoja akacheka, halafu wote, mpaka wazee waliokaa kwenye nyasi wakalala chini kabisa. Kukhu hakucheka. Akasema, "Kama wimbo ulikuwepo, imba." Nikaimba, mimi, mwanamke mzima, mbele ya buti iliyovunjwa, sauti kama mlango mkavu, na mstari wa pili ukanipotea, na sabufa nyuma yangu inagonga pasipohusika. Nikarudia wa kwanza mara nyingi.

Nilipomaliza Kukhu alikuwa anafuta macho. Akamwambia mwanawe, nami nikasikia, "Msichana ataenda. Lakini si na gari yenye mlango ule."

Mlango wa buti niliung'oa mwenyewe, kwa spana ya mume wangu, bila fundi. Siku ya harusi Nambozo alitoka Mbale na Pijo iliyo wazi nyuma, na masanduku yake, na kuku, kila mtu njiani akiona tumebeba nini, na Kukhu amekaa kiti cha mbele, kile kiti cha wizi, anageuka kila mara kutazama huko nyuma kama bado kuko wazi.

Sijafunga tena kitu chochote kwenye gari. Ufunguo bado uko kwenye debe la unga, na anayeutafuta asinidanganye kwamba anatafuta unga.