Jini Aliyekataa Kusingiziwa

Sikuombi uamini. Nakueleza tu yalivyokuwa, kwa sababu nilikuwa macho, mzima wa afya, na mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Mimi ni mtu wa kufikiri sana. Nikifunga mlango narudi kuuangalia, kisha narudi tena kuangalia kama niliuangalia vizuri. Mtu wa namna hiyo hapitwi na kitu kirahisi.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, bendera za vyama zimetundikwa mpaka minazini, nami nimerudi nyumbani Madungu na shahada yangu, nasubiri kazi. Baba alikuwa amenunua gari kubwa la familia, lenye safu tatu za viti, lililotumika Japani. Halikukaa sana likaanza vituko. Honi ililia peke yake watu wamesujudu msikitini. Vioo vilishuka mvua ikinyesha. Milango ilijifunga yenyewe. Fundi alibadilisha betri, akabadilisha fyuzi, akaishia kutikisa kichwa. Majirani wa chama hiki walisema tumerogwa na wa chama kile, na wa chama kile walisema vivyo hivyo. Mama alisema ni jini, tena amejikalia kiti cha nyuma.

Mimi niliingia kwenye simu. Nikasoma mpaka macho yakauma, nikakuta kwamba kampuni ilikuwa imeyaita magari ya toleo lile yarudi kutengenezwa. Waya unaopita chini ya kiti cha nyuma ulikuwa ukichubuka gamba, na ukipata maji ungeweza kuwasha moto. Wenye magari walibadilishiwa bure. Letu lilikuwa limeshauzwa nje ya Japani, halikurudishwa na mtu. Nilimsomea Baba.

"Sasa tulirudishe Japani?" aliniuliza. "Kwa ngalawa, au tulisukume?"

"Tusiliendeshe tu, Baba."

"Weye tangu mdogo ukiogopa hata feni."

Ningenyamaza, lakini dada yangu Zuhura alikuwa amejifungulia kwetu, arobaini yake imetimia, na asubuhi ya kesho yake alikuwa arudishwe kwa mumewe Konde. Yeye na kitoto chake wangekaa kiti kile kile. Na ili jini atoke kabla mtoto hajakaa hapo, wazee walikubaliana kiti kimwagiwe kombe. Unalijua kombe: aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zinaoshwa, na maji yale ndiyo dawa. Chupa mbili kubwa zilikuwa tayari kwa shehe mmoja Wesha. Nilipinga, sikusikilizwa, na aliyetumwa kuzichukua kwa gari lile lile ni mimi.

Magharibi ilikuwa imeshaswaliwa nilipoondoka Wesha na chupa zangu. Njiani, penye mikarafuu na hapana nyumba, gari likazima. Taa za mbele zikafa, zikabaki zile ndogo za dashibodi. Milango ikajifunga. Nikajaribu kufungua, wapi. Ndipo nikasikia salamu, nyuma yangu.

Niliitikia kabla sijafikiri. Kiooni nikamwona mwanamke wa makamo, amevaa buibui, uso umechoka kama wa mtu aliyekaa ofisini tangu asubuhi asihudumiwe. Aliingiaje? Usiniulize.

"Mwanangu, weye ndiye uliyesoma?"

"Ndiye mimi, Bi."

"Basi kawaambie wenzio. Mie sikai humu, wala sijapata kukaa. Honi ikilia, natajwa mie. Kioo kikishuka, natajwa mie. Ntu huchoka kusingiziwa."

Akagonga kiti kwa kidole.

"Gari hino ina moto, huku chini. Na nyie mwataka kuutia maji, kisha muweke kitoto juu yake. Kikiungua, mtamtaja nani?"

Sasa nisikilize vizuri. Gari lile, mtu akikaa nyuma bila mkanda, taa nyekundu huwaka mbele ya dereva. Mchana ule niliweka gunia la mchele pale, ikawaka. Kwa yule mwanamke haikuwaka. Utasema gari bovu, na taa yake bovu. Nilijiambia hivyo hivyo, gari lilipojiwasha lenyewe nami nikaondoka bila kutazama tena kioo. Nilijiambia kuwa nimesoma mno, nimeyaota niliyoyasoma. Nikakaribia kuamini.

Mama alikuwa mlangoni nilipofika nyumbani.

"Mbona humteremshi mgeni?" aliniuliza.

Sikugeuka. Nilishuka, nikamshika mkono, nikaingia naye ndani, nikawaeleza wote.

"Jini akakana mwenyewe," Baba alisema. "Mwizi gani aliyewahi kukubali?"

"Mwizi haji kukuonya usiungue," Mama akamjibu.

Zuhura alimhamishia mtoto bega la pili. "Awe jini, uwe waya, mie mwanangu hakai pale."

Baba alikasirika. Baada ya Isha alichukua chupa akamwaga kombe mwenyewe, yote, mpaka kiti kikalowa. Asubuhi Zuhura alipanda gari la abiria kwenda Konde. Baba akaingia ndani ya gari lake, akaliwasha ili atuoneshe kuwa limepona. Moshi ulitoka chini ya kiti cha nyuma, kisha ulimi wa moto. Alitoka na kiatu kimoja. Tulilimwagia mchanga pamoja na majirani wa vyama vyote viwili, na kiti tulichokikuta kilikuwa springi tupu. Kombe halikuwa na kosa, pa kulimwaga ndipo palipokosewa. Na milango, siku hiyo, haikujifunga. Kwa nini? Nina majibu mawili na mpaka leo sijachagua.

Sasa watu huniletea namba za magari yao niwaangalizie kama yaliitwa kurudishwa, nami huwaangalizia. Baba naye, umeme ukikatika nyumbani, hamtaji mtu. Anatafuta tochi kimya kimya.

Nawe ukinunua gari lililotumika, likikuanzia vituko, funua kiti uangalie waya kabla hujamtaja usiyemwona. Anasikia. Mimi alinijia kwa salamu, wewe sijui atakujia kwa nini.