Gauni la Vipande la Mwalimu Naswiba

Watoto wa kambi ya jeshi wakienda shule asubuhi hubishana njiani Mwalimu Naswiba atakuwa amevaa rangi gani. Binti yangu Pretty, aliye darasa la pili, hushindwa karibu kila siku, kwa sababu huchagua rangi anayoitamani yeye, si ile inayoelekea kuja. Mwalimu akija Jumatatu na njano ya kiini cha yai na mtandio wa zambarau, Jumanne inaweza kuwa kijani kibichi na viatu vyekundu. Wanawake wa soko la Bwera wamempa jina, Duka Limefunguliwa. Wanamwita hivyo mbele yake, naye huitika.

Anafundisha kuchora na kazi za mikono kwa madarasa ya chini. Somo lenyewe haliulizwi kwenye mtihani wa la saba, kwa hiyo wazazi wengi huliona ni la kupumzisha watoto kabla ya hesabu. Mimi niliishia hilohilo la saba na brashi sikuwahi kuishika. Lakini tangu jeshi lituhamishie huku, nikimpeleka Pretty husimama kidogo dirishani, Erisa wangu mdogo akiwa mgongoni, nikatazama. Rangi hawanunui. Watoto huleta udongo mwekundu, majivu, makaa, majani ya maboga, wakasaga kwa mawe na kukoroga ndani ya vifuniko vya makopo. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha. Siku moja aliwaambia wachore mlima, na mtoto mmoja akarudisha karatasi tupu. Wenzake wakacheka. Mwalimu akatoka nje, akainua macho, akaona mawingu yamefunika kila kitu hadi chini. Akarudi, akampa yule mtoto alama ya vema.

Mambo ya rangi ameyatoa kwao Kasese. Baba yake, mzee Ukasha, aliendesha lori la vitambaa, na mafundi cherehani walikuwa wakimwekea mabaki kwenye gunia. Mama yake akawa anawashonea watoto sita kwa mabaki hayo, mkono mmoja maua, mkono mwingine mistari. Shuleni wasichana walimwita Gunia. Aliniambia hayo siku moja tukingoja mvua ipite, na hakuwa na uchungu. Alisema alijiambia moyoni, kama ni gunia, basi liwe gunia ambalo watu watageuza shingo kulitazama.

Huko ndiko lilikotoka lile gauni. Kila mwaka watoto wa darasa la pili huleta kipande cha kitambaa kutoka nyumbani, kila mmoja chake, kile ambacho akikiona anajua yuko kwao. Mwalimu huvishona juu ya gauni moja refu kwa uzi wa rangi ya chungwa, na siku ya wazazi hulivaa. Alianzia kwenye pindo miaka sita iliyopita. Mwaka huu vipande vimefika kifuani. Na ana neno lake analowaambia watoto wakimpa kitambaa, kwamba kikishashonwa hakitoki. Uhame, urudie darasa, ugombane naye, wewe utabaki pale.

Kwa Pretty neno hilo lilikuwa kubwa. Hii ni shule yake ya tatu. Tulipoondoka ile ya pili alimwona mwalimu akilikata jina lake kwenye daftari kwa rula, mstari ulionyooka vizuri, sisi tukiwa bado tumesimama mlangoni. Hakulia. Ila njia nzima ndani ya lori aliniuliza kama jina lililokatwa bado linasomeka.

Sasa, ilikuwa Jumatano na siku ya wazazi ni Ijumaa. Nilikwenda kumchukua Pretty nikamkuta Mwalimu amelivaa gauni mbele ya darasa, analijaribu, watoto wakimzunguka kila mmoja akitafuta chake. Pretty akanivuta mkono.

"Mama, mimi niko pale juu."

Nikatazama pale juu. Upande wa kushoto wa kifua, mahali ambapo askari huweka nishani, kulikuwa na kipande cha ukubwa wa kiganja, kijani na kahawia, mabaka mabaka.

Siku tatu nilikuwa nikiwalaumu panya kwa tundu lililokuwa kwenye suruali ya zamani ya Baba Pretty, ile inayoning'inia nyuma ya mlango. Kumbe panya wangu alikuwa na wembe na sare ya shule. Na huku kwetu hata mtoto wa soko anajua kwamba raia haruhusiwi kuwa na nguo ya jeshi, sembuse kuivaa. Ijumaa Mwalimu angetangulia mbele ya watoto wote, ngoma zikipigwa, kutoka shuleni hadi uwanjani, na njia inapita kwenye kizuizi wanapokaa polisi wa jeshi.

Nilingoja watoto watoke, nikamwambia polepole. Alishika kile kipande kwa vidole viwili, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa kimefuliwa sana hadi kimepauka. Alisema alidhani ni kitenge cha majani, na kwamba kati ya vipande vyote vya mwaka huu ndicho chenye kijani kizuri, ndiyo sababu alikiweka karibu na moyo. Kisha akakaa.

"Mama Pretty, mimi nikikamatwa nitajieleza. Huyu mtoto nitamweleza nini? Nilimwambia hakitoki."

Nilirudi nyumbani sijui nianzie wapi. Mume wangu, Okello, ni sajini, na si mtu wa kupiga kelele, ndiyo maana naogopa akinyamaza. Na ile suruali alikuwa airudishe stoo Jumatatu, maana jeshi likikupa sare mpya linataka ya zamani. Nilimwambia alipokuwa akifungua kamba za buti. Akaenda nyuma ya mlango, akaingiza vidole kwenye tundu, akavitazama upande wa pili kama anayevihesabu. Aliuliza nani anajua. Nikamwambia mimi, mwalimu na mtoto. Akavaa shati la kiraia, akaikunja suruali ndani ya mfuko, akachukua kipakiti cha sindano na nyuzi anachoshonea sare, na jua halijashuka tukawa tunarudi shuleni wote wanne.

Vilikuwepo viti vya watoto tu. Okello alikaa kwenye kimoja, magoti yakafika karibu na kidevu. Mwalimu alilileta gauni limekunjwa mikononi, akaanza kuomba radhi. Okello akamkatiza.

"Mwalimu, umejipandisha cheo bila ruhusa."

"Cheo gani, afande?"

"Kikubwa kushinda yangu. Mimi miaka kumi na moja, hapa kifuani sijawahi kuwekwa kitu."

Mwalimu akacheka bila kutaka, na mimi nikapata pumzi. Okello akamgeukia Pretty, akamweleza kwa sauti ya kawaida kwamba hii kitu iko ya serikali na lazima irudi.

"Lakini ni suruali yako," Pretty akasema.

"Hapana. Suruali iko ya serikali, buti iko ya serikali, blanketi iko ya serikali. Hata mimi mwenyewe iko ya serikali."

Pretty alikuwa ameshafika kwenye gauni. Aliweka kiganja juu ya kile kipande, kikafunikika chote. Alisema Baba akienda kule ng'ambo ya mpaka kwa miezi, suruali hubaki mlangoni, na ukiisogelea inanuka Baba. Aliyasema bila kumtazama mtu. Okello akawa anavuta uzi ndani ya sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

Mwalimu alipiga magoti, gauni lake la siku hiyo, la buluu ya bahari, likakaa vumbini. Akamwambia Pretty kwamba aliahidi na hatavunja, kwa hiyo yeye mwenyewe hatakitoa. Anayeweza kusema kitoke ni mwenye nacho.

"Kikitoka, mimi nitakuwa wapi?" Pretty akauliza.

"Nafasi yako itakaa wazi mpaka uniletee kingine. Nikibaki na tundu, nitavaa na tundu."

Erisa akaanza kunung'unika mgongoni mwangu. Mwisho Pretty akaondoa mkono. Okello akafumua uzi mmoja mmoja, taratibu, asichane. Halafu Mwalimu akaichukua suruali na kukirudisha kipande mahali pake, mishono midogo ambayo ukipitisha kidole huisikii. Uzi wa kijani hakuwa nao. Alitumia ule wa Okello, mweusi.

Okello alisema kesho angenunua kitenge kizuri sokoni. Pretty akajibu kwamba hicho kitakuwa cha dukani. Nami nilimpa pembe ya kanga niliyombebea alipokuwa mtoto mchanga. Akaipokea kwa adabu, akainusa, akanirudishia. Akasema hiyo ni ya Mama na Erisa.

Alhamisi asubuhi nilikuwa jikoni nikichemsha uji. Okello alikuwa kwenye ngazi ya mlango akipiga buti rangi, na Pretty pembeni yake ameshika kikopo, kama kila siku Baba akiwepo.

"Baba, hicho kitambaa ni cha serikali?"

"Hiki? Hiki ni kitambaa cha viatu."

"Lakini ni cha serikali ama ni chako?"

"Ni changu. Nilikinunua Kasese. Kilikuwa njano."

Nilichungulia. Pretty alikuwa amekishika upande mmoja na baba yake upande mwingine. Okello alikataa. Alisema wageni watakuja, mwalimu mkuu atakuwepo, hawezi kumpa mwalimu wa watu tambara la viatu alivae kifuani. Alinitazama mimi nimsaidie. Nikaingiza mkono kwenye kikapu cha jikoni, nikatoa mkasi.

Mwalimu alipokipokea alikigeuza huku na huku. Pembeni njano ilikuwa bado ipo, katikati kumeiva weusi, na mahali rangi mbili zilipokutana palikuwa na kahawia ambayo, alisema, angesaga makaa na udongo wiki nzima asiipate. Kisha akakinusa, akakohoa. Akakishona palepale kwenye nafasi iliyokuwa wazi.

Ijumaa walipita kizuizini na ngoma zao. Mwalimu mbele, gauni limejaa maua, mistari, shuka za hospitali, pazia la mtu, mtandio wa bibi wa mtu. Askari mmoja, Mugenyi, ambaye tunamfahamu, alimsimamisha kwa mzaha, akalikagua gauni toka chini hadi juu, akasogea karibu na kifua, akarudi nyuma akasema Mwalimu ananuka gwaride. Okello alikuwa amesimama kando ya barabara na wenzake, ameangalia buti zake. Pretty alipompita hakumpungia mkono. Aligusa tu kifua chake mwenyewe, upande wa kushoto.

Suruali ilirudi stoo Jumatatu na hakuna aliyeuliza. Baba Pretty sasa anang'arisha viatu kwa nusu ya kitambaa. Mara mbili nimemwambia nimkatie kingine kwenye fulana iliyozeeka, na mara zote amesema hicho kinatosha.