Hapo Tu

Kwa dereva huyu hakuna mbali. Kila mahali ni hapo tu. Tangu juzi rafiki yake, anayesafiri naye katika basi lake kuukuu, amelisikia neno hilo mpaka masikio yameota sugu. Mama yake rafiki anapasuliwa kesho asubuhi, naye ameahidi kumshika mkono kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Dereva hana habari na haraka. Kila wakikaribia mlima husimama, huvua kofia, hufungua mfuniko wa rejeta kwa kofia hiyo hiyo, humimina maji polepole kama anayemnywesha mgonjwa uji, kisha hulipapasa basi puani kwa kiganja chenye grisi. "Pole, bibi. Ni hapo tu." Rafiki huuliza, "Hapo tu ya jana au ya leo?" Naye hujibu bila kugeuka, "Ndugu yangu, ukimharakisha bibi kizee atakaa chini."

Mlima wa nne, bibi akakaa chini kweli. Dereva akajipenyeza uvunguni, zikabaki nje ndala zake mbili na mluzi wake. Rafiki akazitazama zile ndala, akatamani kuzitupa bondeni. Ndipo simu ikaita. "Mwanangu," mama akasema, sauti yake ndogo, "mmefika wapi?" Rafiki akatazama mbele: barabara imepinda, imepanda, imepotelea mawinguni. Uvunguni mluzi ukanyamaza. "Tuko hapo tu, mama," akasema. Mluzi ukaanza tena.