Mbuzi Yangu Imebaki Nje

Nakupa ruhusa ya kutoniamini. Hata mimi ningekuwa upande wako nisingekichukua kisa hiki kwa bei ya kwanza. Lakini nilikuwapo mwenyewe, nilikuwa nimekula nikashiba, nilikuwa nimelala usiku mzima, na ilikuwa saa nane mchana jua likiwaka. Kwa hiyo habari za njozi tuziweke pembeni. Kila kilichokuwa ndani ya chumba kile nilikihesabu, kisha nikakihesabu tena, na hesabu zote mbili zilikataa kumwondoa yule bibi.

Kabla ya ualimu nilikuwa nauza mitumba Lindi mjini. Kazi ile inakufundisha mambo mawili: usiamini hesabu ya mara moja, na mtu akikuchekea sana shika mkoba wako. Na tabia zangu hizo hizo nikapata nafasi ya kwenda kusoma China, katika mji wa kusini ambao wenyewe wanasema ni mdogo. Kwetu ungekuwa mkoa. Nilipomaliza masomo mwaka wa tatu, wenzangu walirudi makwao, mimi nikabaki miezi miwili ya joto kufundisha Kiingereza kwenye kituo cha mtaa. Wanafunzi wangu walikuwa wastaafu kumi na wanne. Walitaka Kiingereza cha kuwagombeza wajukuu wao waliozaliwa ng'ambo.

Nisikufiche, niliyapenda maisha yale. Asubuhi na mapema nilikuwa sokoni, nabishania bilinganya ndefu kama fimbo. Muuza matikiti aliligonga kila tikiti kwa kidole kama anapiga hodi, na mimi nikaligonga tena nyuma yake, maana hodi ya muuzaji haitoshi. Alinichukia kwa wiki moja, wiki ya pili akawa ananiwekea tikiti zuri pembeni. Ukifika mchana mji mzima unalala. Mlinzi analala kitini, mwenye duka analala juu ya boksi nyuma ya meza, hata mbwa. Wanaobaki macho ni nyenje, wanapiga kelele mitini kama wamelipwa. Jioni wazee wanatoa vigoda vyao vidogo, wanakaa nje na chupa zao za maji ya moto. Ndiyo, maji ya moto, katika joto lile. Nilipoviona vile vigoda nilikumbuka kigoda kimoja cha nyumbani Kiranjeranje, Kilwa, cha mpingo, kilichokaa nje kando ya jiko la Bibi miaka yote, na ambacho nilichapwa nilipokuwa na miaka sita kwa sababu nilikikalia. Sikuwahi kuambiwa kwa nini. Kwetu mtoto akichapwa haandikiwi barua ya maelezo.

Siku ya kwanza darasani niliingia, nikaona vichwa kumi na vinne vyeupe, na kabla sijajizuia nikasema, "Shikamooni." Ungefanyaje wewe? Ningeanzaje kuwaamuru wazee wakae, wasimame, warudie baada yangu, bila kuwaamkia? Wakataka kujua ni Kiingereza gani hicho. Mama Chen, aliyekuwa kiongozi wa darasa, akaandika kwa herufi zao jinsi linavyotamkwa jibu lake, na tangu hapo kila nikiingia nasema shikamooni, nao wanajibu kwa pamoja, "Marahaba," wamenyooka kama kwaya. Wao waliniita laoshi, yaani mwalimu, neno ambalo lina uzee ndani yake. Kwa hiyo mimi nawaamkia kama mtoto, bibi wa miaka themanini ananiita mzee, tukawa tumelipana.

Sasa sikiliza. Kuanzia wiki ya tatu ile marahaba ilianza kuwa na mkia. Kumi na nne zinatoka pamoja, kisha baada ya kitambo kidogo inatoka moja peke yake nyuma ya chumba, ya taratibu: "Marahaba, mwanangu." Mimi "mwanangu" sikuwafundisha. Nikahesabu vichwa: kumi na vinne. Nikarudia: kumi na vinne. Nikajiambia kuna mzee mmoja amelipata neno kwenye simu yake na anaona haya kulisema na wenzake. Maelezo mazuri kabisa. Niliyanunua bila kuyageuza nyuma.

Wiki ya sita mkuu wa kituo akaniita. Alitaka nibaki miaka miwili. Mshahara aliotaja ungenijengea nyumba Mitwero, pale Lindi, na bati ingebaki. Nikapewa mkataba niende nao, nirudishe na saini Ijumaa. Kesho yake asubuhi nikampigia Bibi, ndiye aliyenilea. Bibi huniita mke mwenzangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Sikuwa nimemwambia habari za mkataba. Akaniuliza tu, "Mke mwenzangu, utakuja kabla ya korosho?" Nikamjibu kwamba nitaangalia. Wewe unajua na mimi najua "nitaangalia" ya mtu wa soko maana yake nini. Bibi naye anajua. Akasema haya.

Nilikata simu nikaenda darasani moja kwa moja, Kiswahili bado kimejaa kichwani. Siku hiyo ilibidi niwatangazie kwamba saa ya kesho imebadilika, tutaanza saa nane mchana. Nikachukua kalamu nikaandika ubaoni tarakimu moja tu, kubwa: 8.

Umeliona kosa? Miaka mitatu sikukosa gari moshi hata moja, sikuchelewa mtihani hata mmoja, na siku hiyo nikawaandikia watu wa China saa ya Kilwa. Kwao saa nane yetu ni mbili. Nane yao ni asubuhi, saa mbili yetu. Tena nane kwao ni namba ya bahati, hakuna aliyeihoji. Wakanakili wote.

Kesho yake nikafika saa nane mchana. Mlinzi kalala. Ufunguo wa chumba ninao mimi. Nikafungua kufuli kwa mkono wangu, nikasukuma mlango, na kiti cha nyuma karibu na dirisha kilikuwa na mtu.

Alikuwa bibi kizee, amevaa shati la maua na suruali pana kama mabibi wote wa mtaa ule. Uso wake ungeuweka sokoni China ungepita, ungeuweka msibani Kilwa ungepita. Mkononi alikuwa na kipepeo cha kupepea. Wao nao wanavyo, vya makuti ya aina yao, na wanajipepea usoni. Yule alikuwa anapepea chini, karibu na miguu, kwa mapigo mafupi mafupi, kama mtu anayechochea mkaa.

Nikasema shikamoo, kwa mazoea tu.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Umekuja kwa saa yako. Wenzangu walikuja asubuhi, wakakungoja, wakaondoka."

Kwa Kiswahili. Kiswahili cha kwetu, kile cha kuvuta mwisho wa sentensi. Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Kwanza, joto. Pili, mtu aliyefundisha wiki sita na mwanafunzi akamjibu vizuri hakimbii, anajisifu. Niliamini kabisa, niamini mimi, kwamba huyu ni mwanafunzi mpya mwenye kipaji na mimi ni mwalimu hodari. Ufunguo na kufuli nikaviweka kando kwa muda.

Akaniambia ana ujumbe wa kwenda kwa bibi yangu. "Mwambie mbuzi yangu imebaki nje. Aiingize."

Nami, Mungu anisamehe, nikamsahihisha. Nikamwambia kwa upole wa kazi yangu kwamba mbuzi ni kiumbe hai, kwa hiyo tunasema wangu, tunasema amebaki, tunasema amwingize. Akacheka mpaka kipepeo kikasimama. "Haya, mwalimu," akasema. "Unampelekea lini?"

Nikasema nitampigia simu. Akatikisa kichwa, akataka niuseme kwa mdomo, mbele ya Bibi mwenyewe. Nikasema basi siku za mbele. Akasema kabla ya korosho. Nikasema baada ya miaka miwili nitakwenda na zawadi, nitakaa mwezi mzima. Kabla ya korosho. Nikashuka: mwaka mmoja. Nikashuka tena: miezi sita. Hakupanda wala hakushuka. Nimewahi kubishana na watu wagumu Lindi, hata wenye maduka ya vitambaa waliorithi ubishi toka kwa babu zao Gujarat, lakini hao angalau huguna kidogo, huapa kidogo. Huyu alipepea tu.

Nikatumia silaha ya mwisho, unaijua: nikaokota mkoba nikaenda mlangoni polepole, ili niitwe. Hatua sita. Hakuniita. Nikageuka mwenyewe.

"Mimi pia nilikuja kwa msimu mmoja," akasema. "Nilitoka nyumbani nikasema narudi sasa hivi."

Mkataba ulikuwa ndani ya mkoba ule. Nikausikia uzito wake begani. Sijui nikueleze vipi. Karatasi nne, na bega liliniuma.

"Kabla ya korosho, basi," nikasema. Bei ya kwanza, bila punguzo. Haijawahi kunitokea kabla wala baada.

"Basi. Nenda salama, mke mwenzangu."

Ufunguo ukaniponyoka. Nikainama kuuokota, nikainuka, na kiti kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa nyuma yangu mimi. Dirisha lilikuwa na nondo. Nikahesabu nondo: saba. Nikarudia: saba. Chini ya kile kiti kulikuwa na vipande vitatu vya nazi iliyokunwa, vyeupe, vibichi. Nikavihesabu mara mbili pia, nikaona niache kuhesabu nitoke.

Kesho yake Mama Chen alinigombeza kwa Kiingereza nilichomfundisha mwenyewe: walikuja saa nane yao, kumi na wanne kamili, wakangoja saa nzima. Nikaomba radhi, nikauliza kuhusu bibi wa kiti cha nyuma. Akasema kiti kile hakikaliwi, kinapigwa na jua. Nikasema shikamooni. Zikatoka kumi na nne, na mkia haukuwapo.

Ijumaa nikarudisha mkataba bila saini. Mkuu akaongeza mshahara. Nikasema hapana, akaongeza tena. Fikiria mtu kama mimi, anasimama anaona bei inapanda yenyewe, anaondoka.

Nilifika Kiranjeranje mikorosho inatoa maua. Tulipokwisha kula nikamwambia Bibi nina ujumbe wake kutoka China: mbuzi wake amebaki nje, amwingize.

Bibi akanishangaa. Mbuzi gani? Wa kwake ni wanne na wote wako bandani. Akachukua tochi akaenda kuwahesabu, akarudi: wanne. Akaniuliza kama nimekwenda shule miaka yote hiyo nikarudi na habari za mbuzi. Nikaona haya. Nilikuwa nimetupa nyumba ya Mitwero kwa ajili ya mnyama asiyekuwepo. Ndipo nikakumbuka kwamba ule haukuwa ujumbe niliopewa. Ule ulikuwa ujumbe niliousahihisha.

Nikasema tena, kama nilivyousikia. "Mbuzi yangu imebaki nje. Aiingize."

Bibi aliweka kikombe chini. Akatoka mpaka kando ya jiko, nikamfuata, akamulika kile kigoda cha mpingo. Mbele yake, mahali ambapo miaka yote niliona tundu tu la kutu, palikuwa pamechongwa pa kushikia chuma cha kukunia nazi. Kumbe hakikuwa kigoda. Ilikuwa mbuzi, chuma chake kimeoza zamani.

"Ya Dada Somoe," Bibi akasema. "Mimi nilikuwa mdogo. Aliitwa barabarani, nazi nusu imekunwa. Akaniambia usiiguse mbuzi yangu, narudi sasa hivi." Akaipangusa kwa upindo wa khanga. "Sikuigusa."

Unaelewa? Aliambiwa na dada yake asiiguse, na dada hakurudi kumwambia vingine. Kila masika aliipaka mafuta kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, mkono wake usiifikie. Hakuniuliza China ni wapi wala Somoe alifikaje huko. Aliuliza kama amenenepa. Nikasema kiasi. Akasema alhamdulillahi, akaikumbatia ile mbuzi, akaiingiza ndani.

Fundi aliitia chuma kipya, na wali wa kwanza wa nazi yake tulikula watu wawili tukapakua sahani tatu. Siku hizi nakaa Mitwero, chumba cha kupanga, nafundisha wafanyabiashara Kichina cha kupunguziana bei. Sijutii, nilijaribu kujuta mara mbili, haikukaa. Kila mwezi naenda kwa Bibi. Nikifika mlangoni nasema shikamoo, naye anajibu marahaba kutoka mkekani. Kisha, baada ya kitambo kidogo, inatoka nyingine jikoni. Nahesabu: mbili. Narudia: mbili. Bibi anaendelea kuchambua mchele.

Kwa hiyo nakuonya, hasa wewe uliyesoma. Ukiwa ugenini ukamsikia mtu mzima anakosea ngeli, usikimbilie kumsahihisha. Muulize kwanza alitoka kwao lini, na aliacha nini nje.